Maua ya shaba: alama ya madini kwenye vilima vya Fungurume

Kama unapita barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, karibu na Fungurume utaona vilima visivyo na miti, katikati ya pori la miombo. Si watu walioimaliza ile miti. Udongo wa pale uko na shaba na kobalti nyingi, na hiyo ni sumu kwa miti. Kunabaki majani na maua yaliyozoea.

Linalojulikana zaidi ni ua la shaba, ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Ni mmea mdogo wa ukoo mmoja na lumba-lumba. Linaota pia mahali wazee wetu walikuwa wanayeyusha shaba, mamia ya miaka mbele ya wazungu kufika, kwa sababu udongo wa pale ulibaki na shaba. Njo maana watafiti wa mambo ya kale walilifuata ili kupata matanuru ya zamani. Watafuta madini nao walilitumia kama alama, hata kama si kila mahali linapoota kuna mgodi.

Katika Haut-Katanga na Lualaba kuko vilima vya shaba zaidi ya 100. Aina zaidi ya 30 za mimea yake haziote mahali pengine popote duniani.

Hapo njo kuna tofauti na statisi, ua la pwani za Mediterania ambalo watu wanalikausha na kulipamba nyumbani. Nalo linavumilia udongo mgumu, ule wa chumvi. Lakini statisi imepandwa nchi nyingi, hata Kenya, kwa biashara. Maua yetu hayana shamba lingine isipokuwa vilima, na chini ya vilima njo kuko madini.

Hasara imekwisha kuonekana. Kule Dikuluwe, karibu na Kolwezi, kulikuwa mmea unaoitwa Acalypha dikuluwensis. Ulionekana mara ya mwisho mwaka 1959. Uchimbaji uliharibu makao yake, na mwaka 2012 shirika la kimataifa IUCN liliuandika kati ya mimea iliyotoweka.

Kuokoa mingine inawezekana: kukusanya mbegu, ao kutoa udongo wa juu pamoja na mizizi na kuupeleka mahali hapatachimbwa. Fungurume, sosiete ya TFM na Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamefanya kazi ya namna hiyo. Lakini inafaa ifanywe mbele mashine hazijapanda. Kilima kikiisha kuchimbwa, hakuna tena mbegu ya kuokota.