Ritifaa ya Jaduong'

Jaduong' alisoma jalada mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasoma mara ya tatu. Kisha akanigeukia.

"Nyathina," akasema, "huyu ni ndugu yangu au ni Mreno?"

Ilikuwa Ijumaa jioni, mwaka 2018, katika saiba moja ya Ahero niliyofanyia kazi baada ya kumaliza kidato cha nne. Kama umewahi kupita Ahero unapajua: pale ambapo barabara inayotoka Kisumu inagawanyika, moja ikielekea Kericho na Nairobi, nyingine Kisii. Nyando inapita hapo karibu, na kando yake kuna mashamba ya mpunga ya ile skimu ya miaka ya 1960. Mchana kazi yetu ilikuwa fomu. Ushuru, mkopo wa chuo, cheti cha mienendo mema. Lakini Alhamisi na Ijumaa usiku kazi ilikuwa moja tu, vijitabu vya mazishi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya kuzika.

Jina la marehemu silitaji. Linatosha kusema lina ng' katikati, mbele ya o, na kwenye jalada lilitanguliwa na neno Jaduong', maana alikuwa mzee wa heshima. Ili uone nilichofanya, chukua jina ambalo kila mtu wa kaunti hii anaweza kuliandika akiwa amefumba macho, la gavana: Anyang' Nyong'o. Kwa mkono wangu lingetoka hivi: Anyang'Nyongó. Nafasi kati ya majina mawili imemezwa, ritifaa ya pili imepotea, na o imevishwa kikofia cha Kireno. Hivyo ndivyo nilivyomwandika ndugu yake jaduong'. Tena si mara moja. Niliandika jina mara moja tu, halafu nikalinakili kwa Ctrl+C na kulibandika kwa Ctrl+V kila mahali lilipohitajika: kwenye jalada, wasifu, ratiba ya ibada, shukrani za familia. Nakala zilikuwa 150.

Jibu langu la kwanza lilikuwa uongo. Nikasema printa ina shida.

Akaondoka bila kusema kitu, akaketi kwenye benchi la nje. Nikarudi kwenye kibodi nikabonyeza ritifaa. Hakuna kilichotokea. Nikabonyeza tena, kikatoka kifimbo kimoja tu. Nikadhani ni vumbi, kwa sababu Ahero vumbi na matope hupokezana zamu. Nikapangusa kibodi, nikaitikisa, nikaleta kibodi ya kompyuta ya jirani. Mambo yaleyale. Kumbe kitufe hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinafanya kazi yake vizuri kabisa, ila ilikuwa kazi ya watu wengine.

Kompyuta zetu ziliendeshwa na Ubuntu. Bosi alizihamisha kutoka Windows kwa sababu mbili anazozijua kila mwenye saiba: virusi vya flashi za wateja, na gharama ya leseni. Nilimpigia rafiki yangu aliyekuwa akisomea kompyuta Maseno. Akaniambia fungua dirisha la amri, andika xev, kisha bonyeza hicho kitufe uone mashine inakiitaje. Nikafanya hivyo. Katikati ya mistari mingi nikaona maneno haya: keysym 0xfe51, dead_acute.

"Inasema kimekufa," nikamwambia.

"Hakijakufa," akasema. "Ni kitufe mfu. Ni tofauti."

Tofauti hiyo ni ya zamani kuliko kompyuta yenyewe. Taipureta ya kwanza iliyouzika kwa wingi, ile ya Sholes na Glidden iliyotengenezwa na Remington, iliingia sokoni Marekani mwaka 1874 ikiwa na herufi kubwa tu. Kila kitufe kilipopigwa, karatasi ilisogea hatua moja. Waandishi wa Kifaransa na Kireno wakawa na tatizo, kwa kuwa lugha zao zina vifimbo juu ya herufi, na hakukuwa na nafasi ya kitufe cha kila herufi na kila kifimbo chake. Mafundi wakatengeneza kitufe kinachogonga karatasi bila kuisogeza. Unapiga kifimbo, karatasi inatulia, unapiga e, nayo inatua chini ya kifimbo. Ukipata é, kazi imeisha. Kwa sababu hakisogezi kitu, kitufe hicho kikaitwa mfu.

Ritifaa iliingiaje hapo? Ubahili wa nafasi. Kwenye taipureta nyingi alama hii moja iliyosimama wima ilikuwa ritifaa, ilikuwa alama ya kufungua nukuu na ya kufunga, na ukirudi nyuma ukaiwekea nukta chini, ilikuwa alama ya mshangao. Kompyuta zikarithi ubahili huo. Orodha ya herufi ya Wamarekani iitwayo ASCII, ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1963, ina nafasi 128 tu. Matoleo ya mwisho wa miaka hiyo ya 1960 yanaeleza namba 39 waziwazi: ni ritifaa, ni alama ya kufunga nukuu, na ni kifimbo cha juu ya herufi. Kwa hiyo mashine ilipogeuza ng'o kuwa ngó haikuwa imechanganyikiwa. Ilikuwa inakumbuka. Mezani pale waliwaza Kifaransa na Kihispania. Ng'ombe hakuwepo.

Wakati huo sisi tulikuwa tayari tumeshaitegemea. Nchini Uingereza, taasisi ya lugha za Kiafrika iliyoanzishwa London mwaka 1926 ilipendekeza sauti hii iwe na herufi yake, ŋ, n yenye mkia. Luganda iliichukua, na Waacholi, ambao lugha yao ni ndugu ya Dholuo, wanaiandika pia. Kiswahili sanifu kilibaki na ng', na Dholuo ya Kenya vilevile. Sidhani tulikosea. Taipureta gani ya karani wa Kisumu ingekuwa na n yenye mkia? Hata Waganda wengi huandika ng' wakishindwa kuipata kwenye kibodi. Lakini bei ya uamuzi huo ni kwamba kikonsonanti kizima, kinachotenganisha sauti ya ngege, samaki wetu, na ile ya ng'eyo, yaani kujua, kinaning'inia kwenye alama ambayo mashine haiihesabu kuwa herufi. (Na ndiyo, nimeandika kinaning'inia makusudi.)

Sasa, kwa nini kitufe kilikuwa hai mchana na mfu usiku? Hapo ndipo mkato wa kibodi unapoingia.

Aliyeweka Ubuntu kwenye mashine ile aliulizwa achague mpangilio wa kibodi, na kwenye orodha ya Kiingereza kuna ule wa Marekani wa kawaida na ule wa Marekani wa "kimataifa" wenye vitufe vifu. Nani ataacha cha kimataifa achukue cha kawaida? Baadaye mtu akaongeza ule wa kawaida bila kuondoa wa kwanza. Mashine ikawa na mipangilio miwili, na katika Ubuntu hiyo unahama kutoka mmoja hadi mwingine kwa kubonyeza Super na kitufe cha nafasi pamoja. Super ndicho kile chenye alama ya dirisha. Jina hilo linatoka kwenye kibodi za maabara za MIT za miaka ya 1970, zilizokuwa na Meta, Super na Hyper kama ngazi za malaika. Microsoft ilipoweka kitufe chake cha dirisha katikati ya miaka ya 1990, watu wa Linux walihitaji kukiita kitu kingine, wakakipa jina la marehemu huyo wa MIT.

Usiku ule nilibonyeza Super nitafute kikokotoo, nihesabu bei ya nakala 150. Kidole gumba kikagusa nafasi. Basi. Juu ya skrini, pembeni, en₁ ikawa en₂. Kitarakimu kidogo kuliko mbu, na nilikuwa nimeshaketi hapo saa tisa. Stima ilikuwa imepotea mara mbili.

Nikitazama nyuma, naona njia za mkato ndizo zilizonimaliza zote mbili. Moja iliniharibia ritifaa, nyingine ikasambaza uharibifu. Ctrl+C na Ctrl+V zina chimbuko katika kazi ya Larry Tesler na wenzake huko Xerox PARC, California, miaka ya 1970, na Tesler alifariki mwaka 2020 akisifiwa dunia nzima, kwa haki. Lakini herufi zenyewe ziko palepale hata lugha ikibadilika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na haijaimbwa inavyostahili. Ila utaratibu wa tafsiri za aina hii ni kwamba menyu inasema Hifadhi na kidole bado kinaenda kwenye S. Maneno ni yetu, mikato ni ya wenyewe.

Kurekebisha kulichukua dakika tano. Niliingia kwenye mipangilio, sehemu ya lugha na eneo, nikaondoa ule mpangilio wa kimataifa, ukabaki mmoja. Kukiwa na mmoja, Super na nafasi havina pa kukupeleka. Kisha kwenye LibreOffice nikabonyeza Ctrl+H, tafuta ngó, weka ng'o. Hilo lilirekebisha faili. Karatasi 150 zilizokunjwa na kupigwa pini hazina Ctrl+H.

Nikatoka nje nikamwambia jaduong' ukweli. Si printa, ni mimi. Nikaeleza na habari ya en₂, vibaya vibaya, kwa Kiswahili na Dholuo. Alinisikiliza kama mwalimu, kwa sababu alikuwa mwalimu, wa msingi, mstaafu.

"Gharama ya kuchapisha upya?" akauliza.

Karatasi za kurudia kila kitu hazikuwepo, na maduka yalikuwa yamefungwa. Karatasi ya nje, yenye jalada, tungeweza kuirudia. Za ndani, hapana. Na mwili ulikuwa umeshatoka mochari, uko nyumbani Kano, watu wameanza kukesha.

"Rudia ya nje," akasema. "Za ndani nipe mimi."

Akatoa kalamu nyekundu mfukoni. Bado sijui mstaafu anatembea na kalamu nyekundu kwa nini. Akaketi kwenye meza ya fotokopi, akaanza. Kila mahali palipo na ó, anakata kifimbo, anatia ritifaa kati ya g na o. Wapwa zake wawili waliokuja kuchukua vijitabu wakapewa biro nao. Mimi nikatoa pini na kubadilisha jalada. Stima ilipopotea saa nane tuliendelea kwa tochi za simu. Hakuna aliyeongea sana. Wakati mmoja alisimama, akasoma jina kwa sauti, polepole, kama anayeita mahudhurio, halafu akaendelea.

Bosi alikata pesa ya karatasi kwenye mshahara wangu. Sikumlaumu.

Wiki iliyofuata nilijitengenezea mkato wangu, na ukanitesa kuliko nilivyotarajia. Nilitaka nikiangaza maandishi yoyote na kubonyeza vitufe viwili, kila ngó, ngá na ngé irudi kuwa na ritifaa. Kwanza nilichagua Super+N. Kumbe ina mwenyewe, inaita arifa. Nikahamia Super+R. Nikaandika amri moja kwa moja kwenye kisanduku cha mikato: xclip ichukue maandishi, sed ibadilishe, xclip iyarudishe. Kimya. Siku mbili nzima. Kwenye dirisha la amri inafanya kazi, kwenye mkato haifanyi. Sababu ni hii, nakuambia ili usipoteze siku mbili zako: kisanduku kile hakipitii shelo. Kimstari kinachounganisha amri na amri hakieleweki huko, wala kile kiwimbi cha kufupisha folda yako ya nyumbani. Andika amri zako kwenye faili moja, ipe ruhusa ya kuendeshwa, kisha kwenye kisanduku uweke njia yake kamili kuanzia /home. Faili yangu niliiita ritifaa.

Niliposogelea orodha ya kibodi za Kenya kwenye Linux nilikuta Kiswahili, na Kikuyu yenye ĩ na ũ zake. Dholuo sikuiona, na kusema kweli haina herufi ngeni ya kudai. Inachohitaji ni kuachiwa ritifaa yake bila mtu kuifanyia ukarimu.

Kijitabu kimoja kilibaki saiba, nami ninacho. Jalada ni safi. Ndani kuna ritifaa nyekundu 11, na mwandiko unabadilika ukurasa wa tatu, pale mpwa mmoja alipopokea kalamu.

Miezi michache baadaye jaduong' alirudi kuchapiwa barua ya pensheni. Hakuketi. Alizunguka meza, akasimama nyuma yangu, akainama mpaka miwani ikakaribia kugusa skrini, akachungulia kule juu pembeni.

"Leo ni en ya ngapi?" akauliza.