Gari la mtoto wa miaka kumi

Najua wengi mmebanwa na testi, hata mimi, ila leo naomba niwape historia kidogo. Ni jinsi wauza magari walivyoingia kwenye michezo ya watoto. Sisi tunaosomea ualimu inatuhusu sana, msije mkadhani ni stori za kijiweni.

Tuanzie Japani. Desemba 1997 ulitoka mchezo wa Gran Turismo wa PlayStation, kazi iliyoongozwa na Kazunori Yamauchi. Magari ya mle yalikuwa ya kweli na majina yake ya kweli: Toyota, Nissan, Honda, Subaru. Kijana asiyemiliki hata baiskeli akawa anaichambua Skyline utafikiri ni fundi wa gereji! Kampuni nazo zikashtuka kwamba hapa kuna wateja wa kesho. Nissan ilipotoa GT-R mwaka 2007, skrini inayomwonyesha dereva hali ya gari ilisanifiwa na Polyphony Digital, hao hao wenye Gran Turismo. Mwaka 2008 wakaja na GT Academy, mashindano ya kutafuta madereva kati ya wacheza gemu. Akashinda Lucas Ordóñez wa Hispania, na mwaka 2011 jamaa alikimbia Le Mans kwa gari la kweli.

Hapo sina ugomvi. Anayecheza gemu la magari anajua amefuata magari. Ugomvi wangu uko Marekani.

Huko mwaka 1999 wanasayansi walianzisha Whyville, mji wa kwenye intaneti kwa ajili ya watoto wa shule. Mtoto anacheza michezo ya sayansi na hesabu, analipwa sarafu za mle ndani, anajinunulia vitu vya kumpamba mhusika wake. Kwa macho ya mwalimu, jambo safi kabisa. Sasa mwaka 2006 Toyota ikaingia na gari lake la Scion xB, lile la umbo la sanduku ambalo ndugu yake wa Japani anaitwa bB. Mtoto akaweza kulinunua, kulipaka rangi anayotaka na kuwazungusha marafiki zake mjini. Na asiye na sarafu za kutosha? Alielekezwa kukopa! Jamani, sisi bumu tu linatutoa jasho, mtoto wa darasa la tano anafundishwa mkopo wa gari.

Ndani ya siku kumi neno Scion lilikuwa limetajwa zaidi ya mara 78,000 kwenye maongezi ya watoto mle ndani. Hapa ndipo naomba tutulie kidogo. Tangazo la redioni unalisikia na unajua ni tangazo. Hili halikuwa na mtangazaji, watoto wenyewe ndio walioambiana, bila mshahara, wakidhani wanacheza. Na hesabu ya kampuni ilikuwa wazi: mtoto atamshawishi mzazi leo, na kesho atakuwa mnunuzi mwenyewe.

Historia nayo ina utani wake. Scion ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2003 kwa kulenga vijana, na mwaka 2016 Toyota ikalifuta jina hilo. Yule wa miaka 10 aliyeandaliwa mwaka 2006 alifikisha 20 akakuta gari lake halipo sokoni. Lakini njia yenyewe haikufa. Mwaka 2021 Hyundai nao walifungua ulimwengu wao ndani ya Roblox, ambako watoto wamejaa tele.

Sisemi tuwanyang'anye watoto michezo, maana hatutaweza na haisaidii. Ninachosema, tukifika madarasani tusiishie kuwafundisha kusoma maandishi tu. Mtoto ajue pia kuuliza: huu mchezo nani kaulipia, na anataka nini kwangu? Swali dogo tu, halihitaji hata kompyuta.

Kazi kwenu walimu watarajiwa. Mimi narudi kwenye testi yangu, alamsiki.