Udongo

Udongo ni tabaka la juu la ardhi ambamo mimea hushika mizizi. Hutokana na miamba iliyovunjwavunjwa na jua, maji na hewa kwa maelfu ya miaka, ukichanganyika na masalia ya mimea na wanyama. Katika udongo mzuri wa shamba karibu nusu ya ujazo ni madini, na sehemu kubwa ya nusu ya pili ni matundu yenye maji na hewa. Mboji, yaani masalia yaliyooza, mara nyingi haifiki hata asilimia 5, lakini ndiyo inayotunza unyevu na kulisha viumbe waliomo.

Chembe za mchanga zina upana wa milimita 0.05 hadi 2. Zilizo chini ya milimita 0.002 ni mfinyanzi. Mfinyanzi wa udongo mweusi wa mbugani huvimba masika na kupasuka nyufa kiangazi. Wekundu wa udongo wa nyanda za juu hutokana na oksidi za chuma.

Gramu moja ya udongo yaweza kuwa na bakteria mamia ya mamilioni. Bakteria waitwao rizobia huishi katika vinundu vya mizizi ya kunde na maharage, wakiigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Bakteria wa jamii ya Streptomyces ndio hasa chanzo cha harufu ya ardhi mvua inapoanza kunyesha. Kwao ilipatikana, mwaka 1943, streptomaisini, dawa ya kwanza ya antibiotiki kutibu kifua kikuu.

Charles Darwin aliandika kitabu kizima juu ya nyungunyungu na kazi yao katika udongo mwaka 1881. Katika sehemu kavu za Afrika sifa kama hiyo inamstahili mchwa, ingawa wengi humjua kwa kula nguzo tu. Mchwa wa jenasi ya Macrotermes hupandisha mfinyanzi kutoka chini, hutoboa njia za kupitisha maji, na ndani ya kichuguu hulima kuvu wanaomsaidia kumeng'enya majani makavu na miti. Ndiyo maana udongo wa kichuguu mara nyingi una rutuba zaidi kuliko wa jirani, na wakulima wengi hubomoa vichuguu vya zamani wakausambaza shambani. Mabua yakichomwa au kuondolewa yote, mchwa hukosa chakula kikavu na huweza kugeukia mahindi yaliyosimama.