Adabu Haipanui Barabara: Wasukuma Baiskeli wa Nyanda za Juu za Kigoma na Mipaka ya Elimu ya Usalama Barabarani

Ikisiri

Makala haya yanapinga dai kwamba usalama wa wenye baiskeli katika barabara kuu za Tanzania utapatikana kwanza kwa elimu na uungwana. Yakitumia hali ya milima ya Kasulu na Kibondo, yanaonesha kwamba mtumiaji mkuu wa baiskeli huko ni mchukuzi anayeusukuma mzigo wake kwa miguu kwenye kila mwinuko, na kwamba mtu huyo hamo katika fikra za wanaofundisha usalama wala wanaosanifu barabara. Kwa hesabu ya nguvu, upana na mwendo, makala yanadai kwamba anachohitaji kwanza ni nafasi: njia ya pembeni kwenye miinuko, na mwendo wa kilomita 30 kwa saa mahali lami inapopita katikati ya soko.

1. Tatizo

Novemba 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi wa pamoja wa Tanzania na Burundi: kwa upande wa Burundi barabara ya Rumonge hadi Gitaza, na kwa upande wetu kilomita 260 hivi za lami kutoka Kabingo, kupitia Kibondo na Kasulu, hadi Manyovu mpakani. Watu wa Buha, yaani nyanda hizi za Kigoma, waliisubiri lami hiyo kwa vizazi. Masika ya huku yanajulikana: lori linazama, abiria wanashuka kulisukuma, na mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Kabanga anafika amechelewa. Anayeandika makala haya anaitaka lami na anaishukuru.

Hata hivyo lami imevunja uwiano ambao haukuandikwa popote. Katika barabara ya vumbi, mashimo na mawe vilimlazimisha dereva apunguze mwendo. Mwenye lori na mwenye baiskeli walikutana wakiwa na muda wa kuonana. Sasa lori linaweza kufikia kilomita 80 kwa saa, ambacho ndicho kiwango cha juu cha kisheria kwa magari makubwa, ilhali aliyefunga gunia la mihogo kwenye keria anapanda mlima kwa mwendo uleule wa babu yake. Mwendo wa mmoja umepanda, wa mwingine umebaki palepale, na katikati yao hakuna kilichowekwa isipokuwa mstari mweupe.

Jibu tunalopewa kila mwaka katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ni elimu. Dereva aheshimu, mwenye baiskeli akae kushoto, avae kizibao kinachong'aa, afunge reflekta nyuma. Nyuma ya jibu hilo kuna hoja yenye sura ya kitaalamu: ajali nyingi hutokana na makosa ya kibinadamu, kwa hiyo tumrekebishe binadamu. Hoja hiyo ndiyo iliyoyazaa makala haya.

2. Wanaokubaliana na wanaopingana

Kwamba baiskeli ina faida kwa watu wa vijijini ni jambo ambalo wataalamu hawaligombanii tena. Mradi wa usafiri wa Makete, ulioanza miaka ya 1980 kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, ulionesha kuwa sehemu kubwa ya usafirishaji wa kaya hufanyika kwa miguu, kijijini na kandokando yake, na kwamba mzigo mkubwa uko kichwani mwa wanawake. Katika jimbo la Bihar nchini India, Muralidharan na Prakash (2017) waligundua kuwa mpango wa kuwapa wasichana baiskeli uliongeza uandikishaji wao katika sekondari kwa asilimia 32. Utafiti wa majaribio nchini Zambia ulionesha kuwa wasichana waliopewa baiskeli walitumia muda mfupi zaidi njiani na walikosa shule kwa siku chache zaidi. Hayo yanatosha.

Ugomvi unaanza tunapouliza baiskeli ipite wapi. Kambi ya kwanza ni ya makosa ya kibinadamu. Mzizi wake mmojawapo ni utafiti wa Treat na wenzake katika jimbo la Indiana, Marekani (1979), uliohusisha takriban asilimia 93 ya ajali na vyanzo vya kibinadamu. Takwimu hiyo imesafiri mbali, na katika safari imepoteza maana yake. Kusema binadamu alikosea si kusema kwamba kumhubiria binadamu ndiyo tiba. Sweden ilipopitisha sera yake ya kutovumilia vifo barabarani mwaka 1997 ilianzia palepale na kufika kwingine kabisa: kwa kuwa binadamu atakosea leo na kesho, barabara isanifiwe ili kosa lake lisiwe hukumu ya kifo. Wanaoitaja takwimu ya kwanza na kulinyamazia hitimisho la pili wanatumia nusu ya elimu.

Kambi ya pili ni ya John Forester, mhandisi wa California, ambaye tangu miaka ya 1970 alishikilia kwamba mwenye baiskeli huwa salama zaidi anapoendesha kama dereva wa chombo kingine chochote, katikati ya njia, bila kutengewa njia yake. Forester alimwandikia mtu mwenye gia nyingi, asiye na mzigo, anayeweza kuukaribia mwendo wa magari ya mjini. Kuichukua kanuni hiyo na kumkabidhi mchukuzi wa Heru Juu, huko Kasulu, ni kumweka hatarini kwa jina la usawa.

Kambi ya tatu, ya Jacobsen (2003), ina uzito zaidi. Alionesha kwamba kadiri wenye baiskeli na waenda kwa miguu wanavyoongezeka, ndivyo hatari kwa kila mmoja wao inavyopungua, kwa sababu madereva huzoea kuwatarajia. Lakini kama wingi peke yake ungetosha, Bara la Afrika, ambalo wengi wa watu wake hutembea, lingekuwa salama kuliko yote. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 inaiweka kanda ya Afrika kuwa yenye kiwango kikubwa kuliko zote cha vifo vya barabarani kwa idadi ya watu. Wingi husaidia mahali ambapo barabara imekwisha kuwapa watu nafasi.

3. Hesabu ya mlima

Ushahidi mkuu wa makala haya unaweza kukaguliwa na mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu. Tuchukue mwanamume wa kilo 60, baiskeli ya kilo 20 na mzigo wa kilo 100: gunia la maharage, au mikungu ya ndizi na madumu ya mawese yaliyofungwa kwa mipira ya tyubu kuukuu. Jumla ni kilo 180. Tuchukue mwinuko wa asilimia 6, ambao si mkali kwa mlima wa huku. Uzito unaomvuta kurudi nyuma ni takriban nyutoni 106, na msuguano wa matairi unaongeza kama 18. Mtu mwenye afya njema anayeweza kutoa wati 150 kwa muda mrefu atapanda kwa mita 1.2 kwa sekunde, yaani kilomita 4.4 kwa saa.

Katika mwendo huo baiskeli haisimami wima, hasa mzigo unapoyumba nyuma. Ndiyo sababu anashuka. Wapita njia wengi hudhani kwamba amechoka au hajui kuendesha, kumbe kanuni za fizikia ndizo zilizomshusha. Kilomita moja ya mwinuko inamchukua karibu robo saa, na robo saa hiyo yote yumo barabarani.

Sasa tumpime upana. Mzigo uliokingama juu ya keria huchukua sentimita 80 hadi mita moja. Msukumaji hutembea pembeni mwa baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo, naye anahitaji nusu mita. Jumla inafika mita moja na nusu. Lori lina upana wa mita 2.5 hivi. Njia moja ya lami ina mita 3.25 au 3.5. Lori likijibana kabisa kwenye mstari wa katikati linaacha mita moja au pungufu, na msukumaji anahitaji moja na nusu. Magari mawili makubwa yakipishana mahali alipo, jumla ya upana wao watatu ni mita 6.5 kabla hujaacha hata sentimita moja ya usalama. Hakuna uungwana unaoweza kuingiza mita hizo, pamoja na nafasi kati yao, katika lami ya mita 6.5 au 7. Dereva mwema na dereva mkorofi wanakutana na kipimo kilekile.

Hesabu ya tatu ni ya muda. Kwa kilomita 80 kwa saa, dereva anayehitaji sekunde moja na nusu kugutuka, kisha akafunga breki vizuri kwenye lami kavu, anasimama baada ya mita 80 hivi. Kwa kilomita 50 anasimama baada ya mita 40. Kona za milimani na vilele vya vilima mara nyingi haziruhusu kuona mita 80 mbele. Dereva anayemwona msukumaji akiwa mita 60 mbele yake amekwisha kuchelewa, na kinachobaki ni kuhamia upande wa pili na kuomba pawe tupu. Reflekta humsaidia usiku kwenye sehemu iliyonyooka. Kwenye kona haimsaidii, kwa sababu mwanga haupindi.

Kuna pia fumbo la kisheria. Mafunzo humwambia mwenda kwa miguu atembee upande wa kulia akiyatazama magari, na mwenye baiskeli apite kushoto. Msukumaji ni yupi kati ya hao? Akienda kulia, atakabiliana na wenzake wanaoteremka kwa kasi na mizigo yao. Akienda kushoto, lori linamjia mgongoni. Mfumo unaoshindwa kumwambia mtu asimame upande gani hauna haki ya kumlaumu kwa kusimama upande usiofaa.

Kwenye mteremko mambo hugeuka. Hapo mchukuzi yuko juu ya baiskeli, breki zinapata moto, naye anahitaji lami safi kuliko pembezoni penye kokoto. Kwenye mteremko, na hapo tu, nakubaliana na Forester: aachwe ashike njia yake, na gari lingoje nyuma. Kwa hiyo ombi langu halihusu kilomita zote 260. Linahusu upande wa kupanda wa kila mlima.

4. Pingamizi

La kwanza ni gharama. Mahali mlima unapochongwa, ukuta wa udongo upande mmoja na korongo upande wa pili, kila nusu mita ni ghali, na hapo ndipo msanifu hushawishika kulibana bega la barabara. Lakini njia ya msukumaji haihitaji lami nzito inayobeba malori. Changarawe iliyoshindiliwa, upana wa mita mbili, nje ya mtaro, inatosha. Ardhi nayo ipo. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Wananchi waliowekewa alama ya X kwenye nyumba zao wameshalipa gharama ya nafasi hiyo. Ni haki warudishiwe mita mbili za kupitia.

La pili linasema bodaboda wataivamia njia hiyo, kama zinavyovamiwa njia za baiskeli Dar es Salaam, zikiwemo zile zilizojengwa pamoja na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016. Hilo ni kweli, na ndilo ambalo wanaharakati wa Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, wamekuwa wakilipigania jijini. Ila bodaboda huvamia palipo laini na pa mkato. Njia ya changarawe inayopanda mlima sambamba na lami nzuri haimvutii mwenye injini.

La tatu linadai kwamba baiskeli inakufa, pikipiki zinaichukua nafasi yake. Tangu kanuni za 2010 ziruhusu pikipiki kubeba abiria kibiashara, kijana mwenye mtaji hununua pikipiki. Asiye na mtaji wala fedha ya mafuta amebaki na baiskeli, na mara nyingi mzigo unaolijaza Fuso mnadani ulifika hapo kwenye keria yake. Kuisanifu barabara kana kwamba hayupo ni kumwondoa kabla hajajiondoa. Majirani zetu walikwenda mbali zaidi: Machi 2022 serikali ya Burundi ilipiga marufuku baiskeli, bajaji na pikipiki za abiria katika sehemu kubwa ya jiji la Bujumbura, ikitoa sababu ya usalama. Barabara inayofukuza wanyonge wake inaweza kuhesabu ajali chache na bado ikawa imeshindwa kazi yake.

5. Hitimisho

Sidai kwamba elimu haina kazi. Dereva anayejua kwamba nyuma ya kona kuna mtu anayesukuma mzigo ni bora kuliko asiyejua, na alama ya onyo kabla ya mwinuko ni rahisi kuliko vyote nilivyotaja. Ninachodai ni mpangilio: nafasi kwanza, mwendo pili, mahubiri tatu. Katika vituo vya biashara kama Makere, mahali mnada na barabara ni kitu kimoja, kilomita 50 kwa saa za kisheria ni nyingi mno. Ziwe 30, zilindwe kwa matuta.

Utetezi huu hauwezi kusubiri uletwe kutoka Dar es Salaam. Wachukuzi wa Kasulu na Kibondo wana viongozi wa masoko, wana madiwani, wana Kamati za Maendeleo za Kata ambamo hoja ya mita mbili inaweza kuandikwa katika muhtasari na kupelekwa Halmashauri, kisha TARURA kwa barabara za wilaya na TANROADS kwa barabara kuu. Waende na kipimo cha rula mkononi, kwa kuwa mhandisi anaweza kulipuuza ombi la huruma lakini atalazimika kujibu hesabu. Na hesabu hii haiihusu Buha peke yake. Popote Afrika Mashariki ambapo lami inapanda mlima na mkulima anapanda nayo, barabara iliyokamilika bila njia ya msukumaji ihesabiwe kuwa haijakamilika, na mkandarasi asikabidhi kazi mpaka njia hiyo iwepo.