Jinsi Mngurumo wa Tembo Ulivyopimwa

Ukisimama Leparua wakati wa magharibi, msomaji kijana, waweza kudhani ya kuwa nchi yote imenyamaza. Mbuzi wamekwisha kuingia zizini, upepo umetulia, na sikio lako halipati neno. Lakini huenda wakati huo huo tembo aliye ng'ambo ya kilima anamwita mwenziwe, na sauti yake inakupita pasipo wewe kujua. Tembo hupita katika nchi hii wakienda na kurudi kati ya Lewa na Samburu, na mchungaji aghalabu humtambua tembo kwa jicho, wakati umbali umekwisha kuwa mfupi mno. Nataka nikusimulie namna wanadamu walivyopata kuijua sauti hiyo, maana sikio peke yake halikutosha, ilihitaji hesabu.

Habari yaanzia mbali, Marekani, katika mwaka 1895. Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya ambao ndani yake maneno ya mwalimu hayakueleweka, kwa kuwa kila neno lilidumu hewani sekunde tano na zaidi, likachanganyika na yaliyolifuata. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akapewa kazi ya kutafuta dawa. Vyombo vyake vilikuwa bomba la kinanda, saa, na sikio lake mwenyewe. Usiku, watu walipolala, alileta mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga, akaliza bomba, akahesabu muda mpaka sauti ilipokufa. Kisha akaongeza mito na kuanza tena. Katika uvumilivu huo alipata kanuni yake: ukubwa wa chumba, na wingi wa vitu vinavyomeza sauti, ndivyo viamuavyo sauti itadumu muda gani. Kanuni hiyo ingali imo ndani ya programu za kompyuta ambazo wahandisi hutumia kupima kumbi kabla hazijajengwa.

Lakini sikio la Sabine lilikuwa na mpaka, kama lako na langu. Mtu husikia tangu mitikisiko 20 hivi kwa sekunde mpaka 20,000. Je, sauti iliyo katika mpaka ule wa chini ikoje? Chukua kalamu. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Gawanya kwa 20, utapata wimbi lenye urefu wa mita 17. Wimbi refu kiasi hicho halizuiwi na mgunga wala kichaka. Huvizunguka kama maji ya mto yazungukavyo mwanzi. Kwa hiyo sauti nene huenda mbali.

Mwaka 1984 Katy Payne, mwanamke aliyekuwa amechunguza nyimbo za nyangumi, alikaa karibu na tembo wa Asia katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani. Hakusikia kitu, ila alihisi hewa inatetemeka. Akakumbuka utoto wake kanisani, jinsi bomba nene kuliko yote la kinanda lilivyokuwa likitikisa hewa. Alirudi na vinasa sauti pamoja na wenzake, na kanda ilipochezwa kwa mwendo wa kasi kuliko ule wa kunasia, sauti zilizokuwa chini ya sikio zilipanda zikasikika. Baadaye alifika Amboseli, hapa Kenya, akafanya kazi na Joyce Poole, na ikathibitika kuwa tembo wa Afrika nao huitana vivyo hivyo.

Kanda ya kasi huonyesha kwamba sauti ipo. Haionyeshi imeundwa kwa nini. Mfaransa Joseph Fourier alikuwa amekwisha kueleza katika kitabu chake cha mwaka 1822, kilichohusu joto, ya kuwa wimbi lenye vurugu laweza kuchambuliwa likawa mawimbi mepesi mengi. Shida ilikuwa wingi wa hesabu. Kipande cha sauti chenye vipimo 1,024 kilitaka kuzidisha mara milioni moja na zaidi. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walitangaza njia iliyopunguza kazi hiyo hata ikawa kiasi cha mara elfu kumi tu. Hapo ndipo kompyuta ndogo ilipoweza kuchora picha ya sauti, na Chuo Kikuu cha Cornell kikatoa programu za kazi hiyo, Canary na kisha Raven.

Sasa turudi Isiolo. Mwaka 2024 watafiti walitangaza matokeo ya kuchambua miito 469 ya tembo, iliyonaswa kati ya 1986 na 2022 huko Amboseli, na katika hifadhi za Samburu na Buffalo Springs, kaskazini ya Leparua. Kompyuta ilipewa vipimo vya kila mngurumo, ikaulizwa: ni nani aliyeitwa? Ilijibu sawasawa mara 27 na nusu katika 100. Mwanafunzi akiniletea alama hizo simsifu. Lakini ilipopewa vipimo visivyo na maana ilipata 8 tu. Tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Wala usidhani ni kazi ya kompyuta peke yake. Isingeweza kuulizwa swali lile kama watu hawakukaa juani miaka mingi, wakimjua kila tembo kwa masikio na pembe zake, wakiandika nani alinguruma na nani aliitika. Mimi huwastahi hao zaidi.

Kisha miito ilichezwa kwa tembo 17 porini. Yule aliyesikia mwito uliomhusu alikifikia kipaza sauti upesi zaidi, na aliitika upesi zaidi, kuliko aliposikia mwito wa mwingine. Lakini jina lenyewe limekaa sehemu gani ya mngurumo, mwanzo, katikati au mwisho, watafiti walikiri kuwa hawakuweza kulitenga.