Sherifu wa Marekani Ni Nani? Polisi Anayeomba Kura kwa Watu Anaoweza Kuwakamata

Kama umekulia kwenye filamu za kaboi, sherifu unamjua: kofia pana, nyota kifuani, bastola kiunoni. (Usimchanganye na sharifu wa kwetu pwani. Huyo ni wa ukoo wa Mtume, habari nyingine kabisa.) Sherifu bado yupo Marekani hadi leo, na wako zaidi ya 3,000. Kinachomtofautisha na polisi wengine ni kwamba karibu kila mahali anachaguliwa kwa kura.

Hebu fikiria kamanda wa polisi wa kaunti yako akibandika mabango na kuzunguka sokoni na makanisani kuomba kura. Kwetu kamanda huletwa kutoka juu, na akihamishwa anafunga virago anaenda. Kule, wenyeji ndio wanaompa kazi, na wao ndio wanaomfuta.

Cheo chenyewe kilitoka wapi?

Kilitoka Uingereza, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Alikuwa msimamizi wa mfalme katika wilaya, anakusanya kodi na kulinda amani. Walowezi walipovuka bahari, walikibeba. Majimbo mengi ya Marekani humpa sherifu muhula wa miaka 4, na Massachusetts miaka 6. Lakini si majimbo yote yanaye. Alaska haina kaunti, kwa hiyo haina sherifu wa kaunti, na Connecticut ilifuta cheo hicho mwaka 2000.

Kazi zake ni zipi?

1. Doria. Miji mingi ina polisi wake. Sherifu na manaibu wake hushika maeneo ya nje ya miji: mashambani, barabarani, vijijini. Miji mingine humlipa afanye kazi hiyo badala ya kuunda polisi wake. Kaunti ya Los Angeles, yenye ofisi ya sherifu kubwa kuliko zote Marekani, inahudumia takriban miji 40 kwa mtindo huo.

2. Jela ya kaunti. Hii ndiyo kazi ambayo wengi hawaijui. Waliohukumiwa vifungo virefu huenda magereza ya jimbo. Jela ya sherifu hukaa zaidi watu ambao kesi zao hazijaisha, na wengi wao wamekwama humo kwa sababu hawana pesa za dhamana.

3. Mahakama. Analinda majengo ya mahakama, anapeleka samansi, na ndiye anayefika mlangoni kukutoa kwenye nyumba hakimu akishaamuru.

4. Kutafuta waliopotea. Mtu akipotea mlimani au kubebwa na mafuriko, katika majimbo mengi ya magharibi sherifu ndiye anayeongoza msako, mara nyingi akiwa na wananchi wanaojitolea bila malipo.

Kura inapomleta karibu na watu

Mwaka 2008, nyumba nyingi Marekani zilikuwa zinachukuliwa na benki. Katika Kaunti ya Cook, ambako ndiko Chicago, kulikuwa na wapangaji waliolipa kodi yao kila mwezi bila kukosa, kumbe mwenye nyumba halipi mkopo. Siku moja wanaona askari mlangoni, vitu vinatolewa nje. Mwezi Oktoba, sherifu Tom Dart alitangaza kwamba ofisi yake inasimamisha kazi hiyo. Mabenki yalilalamika sana. Baadaye kazi iliendelea, lakini kwa utaratibu mpya wa kuwalinda wapangaji.

Mei 2020, siku chache baada ya George Floyd kuuawa na polisi Minneapolis, waandamanaji walikutana na askari mjini Flint, Michigan. Sherifu Chris Swanson alivua kofia yake ya chuma, akawaambia askari waweke chini virungu, kisha akatembea na waandamanaji.

Kura inapomlinda mbaya

Lakini kura haimgeuzi mtu kuwa malaika. Joe Arpaio aliongoza Kaunti ya Maricopa, Arizona, kwa miaka 24. Alijulikana kwa jela ya mahema kwenye jua kali la jangwani. Mwaka 2013 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba ofisi yake iliwabagua watu wenye asili ya Amerika ya Kusini na Meksiko. Aliendelea kuchaguliwa kwa sababu wapigakura wengi walimpenda hivyo hivyo, hadi walipomwangusha mwaka 2016. Mwaka uliofuata alipatikana na hatia ya kukaidi amri ya mahakama, akasamehewa na Rais Donald Trump kabla hajahukumiwa.

Hapo ndipo penye hatari. Wengi wakifurahi, wachache wanaweza kuumia miaka mingi.

Kwa nini inawahusu Waswahili walioko huko?

Kuna sheria ya mwaka 1996 inayomruhusu sherifu kuingia mkataba na serikali kuu, ili manaibu wake wafanye baadhi ya kazi za uhamiaji. Katika Kaunti ya Mecklenburg, ambako ndiko Charlotte, North Carolina, Garry McFadden aliomba kura mwaka 2018 akiahidi kuvunja mkataba huo. Alishinda, na mwezi Desemba akauvunja. Mwaka 2024 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwalazimisha masherifu kushirikiana na maafisa wa uhamiaji.

Kwa hiyo kama una ndugu huko, mwambie haya mawili. Kwanza, naibu wa sherifu akibisha hodi si lazima amekuja kukamata mtu. Huenda ameleta tu karatasi ya mahakama. Asiitupe. Aisome tarehe iliyoandikwa na atafute wakili mapema, maana asipofika mahakamani kesi inaweza kuamuliwa bila yeye.

Pili, kama amepata uraia, asipige kura ya rais tu akaacha sehemu ya chini ya karatasi. Jina la sherifu mara nyingi liko huko. Ila kama bado hana uraia, asijaribu kabisa kupiga kura hiyo, kwani anaweza kufukuzwa nchini.

Rais yuko mbali. Anayeshika funguo za jela ya mtaani kwake ni sherifu.