Saa Sita ya Mchana: Kengele, Jua na Salamu Kusini mwa Ziwa

Kiswahili kimevipa vipindi vya siku majina ya sala. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi: kila neno kati ya hayo ni jina la sala ya Kiislamu lililogeuka kuwa jina la wakati. Mkristo wa Misungwi ambaye hajawahi kukanyaga msikitini, akimwambia jirani yake waonane alasiri, huipima siku yake kwa kipimo cha sala bila kujua. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu wapo wanaoandika kana kwamba kengele ya misheni ndiyo iliyoleta Afrika Mashariki wazo la kuikatiza kazi ili kumkumbuka Mungu. Misafara ya pwani, pamoja na lugha yake, ilifika ukingoni mwa Ziwa Viktoria kabla ya kengele hiyo.

Kengele ninayoizungumzia ni ile ya Malaika wa Bwana, ambayo Wakatoliki huisikia saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Huko Ulaya haikuzaliwa siku moja. Ya jioni ni kongwe zaidi. Papa Yohane wa XXII aliipa rehema mwaka 1318. Ya adhuhuri inahusishwa na Papa Kalisti wa III, aliyeagiza mwaka 1456 kengele zipigwe mchana watu wauombee mji wa Belgrade uliokuwa ukitishiwa na majeshi ya Waturuki. Basi mlio tunaouona kuwa wa utulivu ulianza na hofu ya vita. Furaha ilikuja kutawala baadaye, hasa katika kipindi cha Pasaka, ambapo tangu mwaka 1742 ni desturi kuimba Malkia wa Mbingu badala yake, watu wakiwa wamesimama.

Mwishoni mwa Desemba 1878 wamisionari wa Kardinali Lavigerie, waliovaa kanzu nyeupe za mtindo wa Aljeria, walifika Kageye, kijiji cha pwani kisicho mbali na Mwanza ya leo. Kiongozi wao alikuwa Padri Livinhac. Padri Lourdel na Bruda Amans walitangulia kuvuka ziwa, wakafika Entebbe Februari 1879. Novemba 1882, hali ilipokuwa ya mashaka katika ikulu ya Kabaka Mutesa, mapadri waliondoka Buganda na kurudi kusini kwa mitumbwi. Mwaka 1883 walianzisha misheni ya Kamoga huko Bukumbi, kusini mwa Mwanza.

Hapa hatuna budi kusema ukweli wote. Katika mitumbwi ile walikuwamo watoto, wengi wao waliokombolewa utumwani kwa mali. Watoto hao ndio waliokuwa kiini cha sala za Bukumbi. Hawakuchagua misheni, wala hawakuchagua kengele. Na mlio uleule uliowaita kusali uliwaita pia darasani na shambani. Mwanahistoria anayeiita kengele hiyo chombo cha nidhamu hasemi uongo. Lakini akiishia hapo, kwa maoni yangu, ameisoma nusu ya habari. Mtumwa hana adhuhuri yake mwenyewe. Mchana wake wote ni wa bwana wake. Mtoto aliyetembezwa katika msafara wa watumwa, kisha akafundishwa kwamba jua linapokuwa utosini jembe linawekwa chini kwa ajili ya Mungu, wala si kwa amri ya mwenye mjeledi, alipewa kitu ambacho msafara ulikuwa umemnyang'anya. Je, alishukuru? Neno la Kisukuma la kushukuru, wabeja, halikuhitaji kuagizwa kutoka Aljeria.

Mgeni wa ajabu kuliko wote waliopata kuisikia sala ya Bukumbi alikuwa Kabaka Mwanga. Mwaka 1886 alikuwa ameamuru Wakristo wachomwe moto Namugongo. Mwaka 1888 akapinduliwa, akakimbilia kusini mwa ziwa, akashikiliwa Magu na wafanyabiashara Waarabu, kisha akaponyoka na kupata hifadhi kwa mapadri wa Bukumbi. Aliishi hapo, miongoni mwa watu waliosali sala zilezile za vijana aliowaua, hadi mwaka 1889 alipoanza safari ya kurudi kukitwaa kiti chake. Sijui kama kuna tamthiliya ya Kiswahili juu ya miezi hiyo, ingefaa iandikwe.

Turudi kwenye lugha. Kiini cha Malaika wa Bwana ni salamu: Gabrieli anamwamkia Maria. Neno la Kigiriki alilolitumia Luka katika sura yake ya kwanza ni salamu ya kawaida ya Wayunani, na maana yake ya asili ni "furahi". Kiswahili kimetumia "salamu", neno lenye amani ndani yake, na furaha ya Kigiriki ikabaki nje. Hata hivyo sidhani kwamba Msukuma alipungukiwa. Kwake kuamkiana si jambo la kupita mbio. Asubuhi ni mwangaluka, mchana ni mwadila, na mwenye adabu husimama hadi salamu iishe. Sala iliyo salamu, nayo ikaja mchana, iliangukia mahali ilipoeleweka mara moja.

Waprotestanti wa pwani hiyo, wale wa Nassa waliolelewa na CMS na kisha na Africa Inland Mission kuanzia mwaka 1909, hawakuwa na Malaika wa Bwana. Lakini sikiliza watu wanavyokutana mwaloni au sokoni. Mmoja husema "Bwana asifiwe", mwingine "Tumsifu Yesu Kristo", na jibu huja papo hapo, "Amina" au "Milele, amina", mizani ikiwa bado mkononi. Hiyo nayo ni sala ya shukrani ya katikati ya siku, fupi kuliko zote, na haingoji kengele.

Kuna jambo moja ambalo walimu wa jiografia watalifurahia. Saa ya Tanzania hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, nayo Mwanza iko karibu na digrii 33. Kwa hiyo, kwa wastani, jua hufika kilele chake Mwanza takriban dakika 48 baada ya saa 6 mchana. Kengele ya Bukumbi inapolia leo, adhuhuri ya kweli bado iko njiani, mahali fulani juu ya nyika za mashariki, ikija polepole kuelekea ziwani.